Wagombea Urais na Somo la Mpaka: Sera ya Mambo ya Nje kwa Macho ya West Nile

Neno "mpaka" lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni jina la mstari unaotenganisha nchi na nchi, na pia ni neno la kuonyesha kikomo cha wakati: tunasema tutasubiri mpaka jioni. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili hapa Ediofe, katika jiji la Arua, huzielewa maana zote mbili mapema. Mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uko karibu nasi, na ndugu zetu wa Koboko wana mipaka miwili, ule wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Hata hivyo, kila msimu wa uchaguzi unapofika, nikiwauliza wanafunzi sera ya mambo ya nje ni nini, wengi hunijibu kwamba ni shughuli ya mabalozi na ya marais wanaopanda ndege. Ni nadra mmoja wao kusema kwamba ni bei ya bidhaa katika soko la Ariwara, au kwamba ndiyo iliyowafanya babu na bibi zao walale kambini ng'ambo ya mpaka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha njia moja ya kulifundisha somo hilo: kusikiliza maneno ya wagombea urais kuhusu nchi za nje, kisha kuyapima kwa historia. Nimechagua chaguzi nne za Uganda ambazo matukio yake yanafahamika. Sikusudii kumpigia debe mtu yeyote. Ninachotaka mwanafunzi aone ni jambo moja, nalo ni hili: katika mambo ya nje, hoja ya mgombea aliyeshindwa haifi siku ya kutangazwa matokeo. Mara nyingi hurudi baadaye, ikiwa katika mkataba au katika hukumu ya mahakama. Kwa hiyo raia mwenye hekima huyatunza maneno ya wagombea wote, wala si ya mshindi peke yake.

Mpaka uliochorwa na wengine

Kabla ya kuwasikiliza wagombea, yafaa tukumbuke kwamba eneo letu lenyewe ni zao la sera za nje za watu wengine. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji eneo la Lado kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo hilo likarudi chini ya utawala wa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, ambayo ndiyo West Nile yetu, ilihamishiwa Uganda, na katika mwaka huo huo Waingereza wakaanzisha kituo cha utawala Arua. Katika muda wa miaka isiyozidi 5, mkulima Mlugbara ambaye hakuwahi kuondoka shambani mwake alikuwa amepita katika mikono ya tawala tatu.

Upande wa magharibi, mpaka ulifuata mgongo wa ardhi unaoyagawa maji ya mto Nile na yale ya mto Kongo. Mstari huo ulikuwa na mantiki kwa wachora ramani, lakini uliwaacha Walugbara katika nchi mbili na Wakakwa katika nchi tatu. Hakuna aliyepigiwa kura kwa ajili ya uamuzi huo.

Miaka mingi baadaye mstari huo uligeuka kimbilio. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wengi wa West Nile walivuka kwenda Zaire na Sudan. Uchaguzi mkuu ulipofanyika Desemba 1980, maelfu yao walikuwa ng'ambo. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali. Familia nyingi za hapa zina mtu aliyekula chakula cha ukimbizi katika miaka ile. Kwa hiyo mgombea anapotamka neno "mkimbizi" katika mkutano wa kampeni Arua, anazungumzia historia ya wasikilizaji wake mwenyewe.

1996: Mazungumzo au bunduki?

Tarehe 9 Mei 1996 Waganda walimchagua rais kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Wagombea walikuwa watatu: Yoweri Museveni aliyekuwa madarakani tangu 1986, Paul Kawanga Ssemogerere, na Muhammad Kibirige Mayanja. Kwa somo letu, Ssemogerere ana umuhimu wa pekee, kwa maana aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya Museveni kabla ya kujiuzulu na kushindana na mkuu wake wa zamani.

Hali ya mpakani ilikuwa mbaya. Uganda ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Sudan mwaka 1995, kila upande ukiulaumu mwingine kwa kuwafadhili waasi. Katika nchi ya Waacholi, kundi la Lord's Resistance Army lilipata msaada kutoka Khartoum. Hapa kwetu, kundi la West Nile Bank Front lilishambulia kutoka Zaire na Sudan chini ya uongozi wa Juma Oris, ambaye naye aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje wakati wa Idi Amin. Mwaka ule, basi, mawaziri wawili wa zamani wa mambo ya nje walikuwa wakimpinga rais mmoja: wa kwanza kwa kuomba kura, wa pili kwa mtutu wa bunduki.

Ssemogerere aliwaahidi wapiga kura kwamba angetafuta amani kwa mazungumzo. Museveni alisisitiza nguvu ya kijeshi, na alikuwa na hoja yake: serikali isiyoweza kuwalinda raia dhidi ya waasi wanaotumwa na jirani inakosa uhalali wa kuitwa serikali. Museveni alishinda kwa takribani robo tatu ya kura, ingawa wilaya za Acholi na Lango zilimpa Ssemogerere kura nyingi zaidi.

Nini kilifuata? Kwanza, njia ya kijeshi ilionekana kufanikiwa upande wetu. Mnamo Machi 1997 wapiganaji wa SPLA wa Sudan waliteka Kaya na Yei, na kundi la Juma Oris likasambaratika. Lakini vita vya kaskazini havikuisha. Tarehe 8 Desemba 1999, mjini Nairobi, Museveni na Omar al-Bashir walitia saini mkataba uliosimamiwa na rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, wakaahidi kutowasaidia waasi wa kila upande. Na tarehe 24 Desemba 2002, huko Yumbe, serikali ilitia saini mkataba wa amani na kundi la UNRF II, ambalo wapiganaji wake walikuwa vijana wa West Nile waliokuwa na ngome Sudan.

Tuseme kwa uangalifu: mikataba hiyo haithibitishi kwamba Ssemogerere angefanikiwa kama angechaguliwa. Inathibitisha tu kwamba mazungumzo, ambayo mwaka 1996 yalikuwa hoja ya aliyeshindwa, hayakupita miaka saba kabla ya kuwa kazi ya aliyeshinda. Mwanafunzi aliyekuwa ameitupa hoja ile pamoja na karatasi za kampeni angeshindwa kuuelewa mkataba wa Yumbe.

2001 na 2006: Deni la Kongo

Uchaguzi wa tarehe 12 Machi 2001 ulifanyika huku majeshi ya Uganda yakiwa ndani ya Kongo tangu 1998. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyokuwa yameingia Kongo kama marafiki, yalipigana wenyewe kwa wenyewe mjini Kisangani, na wakazi wengi wa mji huo waliuawa katika ugomvi usiokuwa wao. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Kizza Besigye, kanali mstaafu aliyewahi kuwa daktari wa Museveni, aliukosoa ushiriki huo wakati wa kampeni. Serikali ilijibu kwamba iliingia Kongo kuwafuata waasi waliokuwa wakiishambulia Uganda kutoka huko. Jibu hilo halikuwa jambo geni kwa watu wa Arua na Koboko, ambao waliwahi kushuhudia waasi wakitokea ng'ambo. Mwaka huo huo serikali iliitangaza Rwanda kuwa nchi hasimu na kuilaumu kwa kumsaidia mpinzani. Angalia, msomaji, jinsi sera ya nje inavyoweza kuingia katika kampeni kwa mlango wa nyuma: jirani hutajwa ili mshindani wa ndani atiliwe shaka.

Museveni alishinda. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Septemba 2002, Uganda na Kongo zilitia saini mkataba wa Luanda, na kufikia katikati ya mwaka 2003 majeshi ya Uganda yalikuwa yameondoka. Tena hoja ya kuondoka, iliyokuwa ya mpinzani, ilitekelezwa na mwenye madaraka.

Hadithi haikuishia hapo. Kongo ilikuwa imefungua kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1999. Hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2006. Mahakama iliikataa hoja ya Uganda ya kujilinda, ikasema kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa na inapaswa kulipa fidia. Pia ilikubali dai moja la Uganda, kwamba Kongo nayo ilikosa wajibu wake kuhusu wanadiplomasia na ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa. Nalitaja hili la pili kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi wa uraia akisoma nusu ya hukumu huwa amejifunza nusu ya ukweli.

Fidia yenyewe ilikadiriwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, zilipwe kwa awamu 5 za dola milioni 65 kila mwaka. Mtoto aliyezaliwa Arua mwaka 2003 hakumchagua mtu yeyote mwaka 2001. Hata hivyo, alipofikisha umri wa kulipa kodi, sehemu ya kodi yake ilikuwa ya kulipia maamuzi ya vita vilivyokwisha kabla hajaanza kutembea. Waswahili husema ahadi ni deni. Katika mambo ya nje, hata uamuzi ambao hukuahidiwa unaweza kuwa deni lako.

2016: Mdahalo na hodi ya jirani

Mwaka 2016 Waganda walishuhudia jambo jipya: midahalo ya wagombea urais kwenye televisheni. Museveni hakuhudhuria ule wa Januari. Alihudhuria wa pili, tarehe 13 Februari, siku 5 kabla ya kupiga kura, ambapo mambo ya nje na usalama vilikuwa miongoni mwa mada kuu.

Sudan Kusini ilikuwa mfano ulio hai. Nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, biashara kupitia Oraba na Kaya iliwafaidi wengi wa Koboko. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, Uganda ilipeleka majeshi kuisaidia serikali ya Salva Kiir, na Bunge likaidhinisha hatua hiyo Januari 2014, askari wakiwa wamekwisha kuvuka. Majeshi hayo yaliondoka mwishoni mwa 2015. Kwa wafuasi wa serikali, hatua ile ilizuia mauaji makubwa zaidi na kulinda biashara na Waganda waliokuwa Juba. Kwa wakosoaji, iliiondolea Uganda sifa ya mpatanishi, na kulifanya Bunge lipige muhuri juu ya jambo lililokwisha kutendeka.

Miezi 5 baada ya mdahalo ule, Julai 2016, mapigano yalizuka tena Juba. Mwezi Agosti makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalifunguliwa katika wilaya ya Yumbe, na katika muda wa miezi michache yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Suala lililokuwa likijadiliwa kwenye televisheni likawa sasa suala la visima, madarasa na kuni. Waswahili wana methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakaribiana na hekima hiyo, kwa kuwa inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea, na katika makazi hupewa kipande cha ardhi. Kwa wazee wa hapa waliowahi kupokewa Zaire na Sudan, jembe lile lilikuwa pia malipo ya fadhila ya zamani.

Namna ya kuyasikiliza maneno ya mgombea

Mifano hii inatupa utaratibu wa kufundishia. Darasani huwaomba wanafunzi wachague wagombea wawili wanaopingana, wasome ilani zao na kusikiliza hotuba zao, kisha wajibu maswali matano kwa Kiswahili fasaha.

La kwanza: mgombea amelificha wapi neno lake kuhusu nchi za nje? Wagombea wengi hawasemi "sera ya mambo ya nje". Husema usalama, soko, barabara, wakimbizi, wafadhili. Atakayesubiri neno lenyewe litamkwe atasubiri mpaka siku ya kura ipite.

La pili: ametumia kitenzi gani? Askari wamevuka mpaka. Huyu anasema wamekwenda kusaidia, yule anasema wamevamia, wa tatu anasema wamelinda maslahi ya taifa. Tendo ni moja, vitenzi ni vitatu, na kila kitenzi kimebeba hukumu. Hapa ndipo somo la lugha na somo la uraia huwa somo moja.

La tatu: nani ana mamlaka ya kutimiza jambo hilo? Katiba ya 1995 inamruhusu rais kutangaza hali ya vita kwa idhini ya theluthi mbili ya wabunge wote, na inalipa Bunge kazi ya kutunga sheria kuhusu kupeleka majeshi nje ya nchi. Malengo ya kitaifa yaliyo mwanzoni mwa Katiba hiyo yanataja kuheshimu sheria ya kimataifa na kutatua migogoro kwa amani. Mgombea anayeahidi peke yake jambo linalohitaji Bunge aulizwe amewasahau wabunge au hawahitaji.

La nne: nani atalipa, na lini? Dola milioni 325 zimekwisha kutufundisha kwamba hesabu inaweza kuja baada ya miaka 20.

La tano: mpinzani wake amesema nini, na je, tumeliandika? Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko yote. Huwataka wanafunzi waandike hoja ya kila mgombea katika daftari moja, kwa maneno ambayo mgombea mwenyewe angekubali kuwa ndiyo yake, kisha walitunze daftari hilo baada ya matokeo.

Mwalimu naye ana mpaka wake. Wakati wa uchaguzi maneno hupata moto, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anafundishwa nini. Nami hujibu kwamba sifundishi nani achaguliwe. Nafundisha namna ya kuuliza. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia kwamba kazi hiyo haina faida, maana "aliyeshindwa ameshindwa". Nilimwomba akamuulize babu yake habari za mkataba wa Yumbe. Aliporudi hakuwa na maneno mengi. Alisema babu alirudi nyumbani baada ya mkataba ule, na kwamba hakuwahi kujua kwamba mzee aliishi Sudan kwa miaka mingi. Kisha akafungua daftari, akaanza kuandika hoja za mgombea ambaye hakumpenda.

Leo Sudan Kusini iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na Kongo tangu 2022. Mahali ambapo nchi tatu zinakutana, Salia Musala katika wilaya ya Koboko, pamekuwa mahali pa wanajumuiya watatu wanaoweza kuelewana kwa Kiswahili. Lakini kuwa katika jumuiya moja hakuzuii risasi wala hakushushi ushuru kwa nguvu zake. Kila uchaguzi utaleta wagombea wapya na maneno mapya kuhusu majirani hao. Watakaoanza kuyalipia ni watu waishio mpakani, na kwa sababu hiyo wao ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuyasoma.

Zoezi: Chagua uchaguzi mmoja kati ya ile minne iliyotajwa. Andika aya mbili: ya kwanza itetee hoja ya mshindi kuhusu jirani mmoja wa Uganda, ya pili itetee hoja ya aliyeshindwa. Kisha mpe mwenzako asome, na asiweze kutambua ni ipi kati ya hizo mbili unayoiamini wewe.